Binti Yako Anafundisha Mtoni

Kaka yangu mpendwa,

Wanafunzi wangu wote wamerudi salama kutoka kambini, ila mvua imeniachia mafua. Mwalimu aliyetupokea mtoni kwa somo la mazingira alikuwa binti yako, yule uliyemfungia mlango alipoacha kusomea sheria.

Aliwaingiza watoto kwenye maji ya magotini, akageuza jiwe na kuwaonyesha vidudu vilivyong'ang'ania chini yake. "Mkivikosa hivi, jueni maji yamechafuka," akawaambia.

Msichana mmoja, ambaye mwaka mzima hajafungua mdomo darasani, akauliza, "Sasa si tumevibomolea nyumba?"

"Umesema kweli. Njoo tuvirudishie."

Wakachuchumaa wote wawili, wakalilaza lile jiwe taratibu kama lilivyokuwa. Kaka, nimefundisha miaka ishirini, sijawahi kuona darasa limetulia vile.

Tulipoagana aliniuliza, "Shangazi, baba bado anakohoa?" Nikamjibu kwamba umepona, na kwamba utamwandikia wiki hii. La kwanza ni kweli. La pili nimekusemea, tafadhali usiniumbue.

Ni mimi dada yako, mwenye mafua