Kivuli Kimoja na Mama Mkwe

Mpendwa Bi Swabaha,

Salamu nyingi kutoka Ganjoni. Naomba msaada wako, maana nimeona jambo kubwa kuliko mimi, na tangu hapo sijui nimwambie nani.

Mimi ni Mkamba, nafanya kazi bandarini, na mke wangu ni Kasyoka. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mama yake Kasyoka ameishika desturi hiyo kweli kweli, hata akija Mombasa hulala kwa mpwa wake Changamwe. Sasa macho yake yameingia ukungu, ana mtoto wa jicho, akasema kabla giza halijamfika anataka kuliona jangwa, maana amelisoma katika Biblia maisha yake yote, basi nikafunga turubai la kivuli ubavuni mwa gari langu, lile linalokunjuliwa kutoka juu ya paa na kusimamishwa kwa nguzo, tukaenda hadi Chalbi kule kaskazini, mimi, Kasyoka na mama, pamoja na rafiki yangu Morris na gari lake, mama kiti cha nyuma kabisa, leso mabegani, na mimi macho mbele.

Bi Swabaha, sina maneno ya kulieleza jangwa lile. Ardhi nyeupe, imepasuka, haina mti, inakwenda mpaka inagusa mbingu, na kimya chake unakisikia kifuani. Mama alishuka, akasimama, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe wana wa Israeli walikuwa na haki kunung'unika." Halafu akalia, na mimi nikalia nikiwa nimempa mgongo.

Kesho yake Morris alimchukua Kasyoka kwa gari lake wakatafute maji, tukabaki sisi wawili, jua la utosi, ndani ya gari ni tanuri, na kivuli ni kimoja tu, basi nikamwachia mama nikakaa nje, na upepo ulipokuja ukang'oa vigingi, nikashika nguzo kwa mikono nikiwa juani ili turubai lisimwangukie, yeye ananiambia, "Ingia," nami najibu, "Siwezi, mama," mpaka dunia ikanizunguka.

Nilipozinduka, kichwa changu kilikuwa mapajani mwa mama. Alikuwa amenivuta mwenyewe, na umri wake ule, ameilowesha leso yake kwa maji yetu ya mwisho akanifunika kichwa, mkono mmoja umeshika nguzo, anaimba wimbo wa kanisani kwa Kikamba. Nikauona uso wake, mara ya kwanza tangu nimuoe bintiye. Sijawahi kuogopa na kupenda kwa wakati mmoja namna ile.

Tangu turudi hataki kusikia habari zangu. Hospitali imempa siku ya kupasuliwa macho hapa Mombasa, naye yuko kwao Kitui anasema, "Siji. Nitamwendeaje mkwe niliyempakata?" Kasyoka analia. Morris anacheka, anasema huo ni ushamba, nimlete kwa nguvu. Nifanye nini? Nikikaa kimya atapofuka, na hata asante sijamwambia.

Wako,
Nicanor

Mwanangu Nicanor,

Barua yako nimeisoma barazani hapa Kibokoni, nikavua miwani, nikasema Subhanallah, nikaisoma tena. Mwenyezi Mungu amekuonyesha upana wa jangwa, kisha akakuonyesha moyo wa mama mmoja, na naona umerudi hujui kipi kilikuwa kikubwa zaidi. Mimi najua.

Sasa nikugombeze. Ulikuwa na gari, turubai, nguzo na kamba, na leso ilikuwa mabegani mwa mama mchana kutwa. Hukuwaza kuitundika katikati ikawa pazia, yeye huku na wewe kule? Sisi wa Mji wa Kale tumekaa na wakwe zetu katika nyumba nyembamba kwa pazia tu. Wewe ulitaka kumheshimu mama hadi umfie mbele yake, abaki peke yake nyikani na maiti. Hiyo ni heshima gani?

Na huyo Morris mwambie anyamaze. Heshima si utumwa. Mama alijua anachokivunja, akakivunja ili upone, na sasa anabeba aibu peke yake. Ukimleta kwa nguvu utakuwa umemlipa vibaya mno.

Fanya hivi, na ufanye wiki hii. Nenda Biashara Street ununue doti moja ya leso. Safiri na Kasyoka hadi Kitui, lakini usiingie nyumbani. Simamisha gari uani, kunjua turubai lile lile, tundika leso moja katikati, na safari hii vigingi vipigilie sawasawa. Kasyoka amwite mama akae upande wake na ampe leso ya pili. Wewe kaa upande wako useme asante kwa kinywa chako, usitume mtu. Kama wazee wa kwenu wana namna ya kulisafisha jambo hili, ifuate bila kubishana. Kisha mwambie mama atalala Changamwe kama kawaida yake, bintiye yuko naye, na kazi yako wewe ni kuendesha gari.

Siku ya kufunguliwa macho, mwache amwone Kasyoka kwanza. Wewe simama nyuma ya pazia la wodi, umsalimu kwa adabu. Uso wako ameshauona.

Bi Swabaha