Kemi Ale Mayai

Mtwara,
Jumapili baada ya ibada

Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakupigia magoti kutoka huku mbali, ingawa najua ukimaliza kusomewa barua hii utatamani ningekuwa karibu unichape. Mguu unaendeleaje na baridi ya asubuhi? Ng'ombe amezaa? Mimi ni mzima. Mikono tu ndiyo imebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho, maana kiwandani tunabangua kutwa nzima, na glavu zikichanika hatupewi nyingine upesi. Nimezoea.

Kwenye simu ulinikatia. Barua haikatiki, Tata, ndiyo maana nimeandika.

Kaka Byera alipopita huku na lori la kazini kwao alinieleza yote. Kwamba mwanangu Kemi anasinzia darasani, na siku moja alimnyang'anya mwenzake andazi, akamng'ata mkono. Kwamba mwalimu alikuita, ukarudi nyumbani na aibu yako, na jioni ileile ukamkuta Kemi jikoni anachoma yai kwenye majivu. Ukasema, "Ndiyo hayo! Mtoto akionja mayai huwa mwizi." Na sasa umeamua kwamba kahawa ikishavunwa aache shule, aende Songambele akamlee mjukuu wa shangazi, kwa kuwa kichwa chake hakishiki kitu.

Haendi. Nasema kwa heshima zote, waitu, mzee wangu, lakini haendi.

Nilimuuliza Byera mtoto anakula nini asubuhi. Akashangaa. "Asubuhi? Si chai." Chai gani? "Ya rangi." Mchana shuleni hapewi uji kwa sababu hatujapeleka mahindi, na wewe umesema mahindi ni ya kuuza. Jioni ndizi. Ndizi za shamba lako nazikumbuka mpaka natokwa na mate, lakini hizo ni ndizi na chumvi tu. Maharage yamekwenda gulioni na maziwa yamekwenda kwa mwenye hoteli. Kwetu mtu akilala na ndizi tumboni tunasema amekula, basi, yameisha.

Na mayai? Ya wageni. Ya mkwe akija. Wale kuku niliwaacha mimi, nilipoondoka Nyabiyonza baada ya kumzika mume wangu, na nilisema mbele yako kwamba mayai ni ya Kemi. Kuku umewatunza, nashukuru. Ila mayai amekula mchungaji, amekula mwenyekiti wa kijiji, wamekula wanunuzi wa kahawa. Mbona hao hawajawa wezi? Wanunuzi wa kahawa tuwaache kidogo.

Kemi alinyang'anya andazi kabla hajaonja yai lolote. Njaa ndiyo iliyomfundisha. Mtoto ametembea mpaka shuleni na chai ya rangi tumboni, saa nne anaona wenzake wanatafuna. Wewe ungefanya nini? Wewe njaa ikikukamata shambani hata mbwa hujificha. Nimekaa nawe, nakujua.

Mimi huku nakula yai kila asubuhi. Mwanamke, tena binti yako, naketi kibarazani namenya yai langu watu wakiniona. Na juzijuzi msimamizi alipotafuta mtu wa kumwachia ufunguo wa ghala la korosho, alinipa mimi.

Utasema mji umeniharibu. Sawa, umeniharibu. Lakini Byera aliponiambia kwamba umembandika mwanangu jina la mwizi, nililia mpaka chakula kikanishinda. Kisha nikakasirika, na hasira yenyewe haijaisha.

Kwa hiyo Kemi atakula yai kila siku ya shule, na kikombe cha maziwa kabla hayajapelekwa hotelini. Maharage ya kula nyumbani yasipelekwe gulioni. Mahindi ya uji Byera atayafikisha shuleni mwenyewe, tumeshakubaliana. Ukikataa, narudisha ufunguo wa watu, nakuja kumchukua mwanangu, na kuku wangu tutapanda nao basi. Mimi ni damu yako, Tata. Ubishi huu sikuuokota Mtwara.

Msalimie shangazi wa Songambele, mwambie atafute yaya mwingine. Mama mdogo wa Kihanga mpe korosho kidogo katika hizo alizobeba Byera, asije akasema nimemsahau. Na mwinjilisti jirani yetu, anayekusomeaga barua zangu, umwombe radhi kwamba safari hii hakuitwa.

Hakuitwa kwa sababu nilikataza. Nilimwagiza Byera kwamba kabla bahasha haijafunguliwa achemshe mayai mawili, ampe msomaji, na msomaji ale yote. Sisemi mayai mawili ni dawa. Lakini macho yako siku hizi hayaoni maandishi, Tata, na barua hii ni ndefu, nayo umesomewa yote mpaka hapa. Hebu mtazame aliyeishika. Ndiye huyo ambaye kichwa chake hakishiki kitu.

Kemi mwanangu, ahsante. Malizia na jina langu, kwa sauti, babu asikie.

Ni mimi binti yako mkaidi,
mama yake Kemi,
Kokusima