Kutawa Kumefika Nyumbani Kwetu

Mama yangu uliyetangulia,

Shikamoo. Nimekhitimu msahafu, mama, na tangu mwezi uliopita nakaa ndani. Baba ametundika jamvi mlangoni mwa chumba, lile ulilosuka mwenyewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipita nyuma ya nyumba ya Bi Salma, mke wa mwenye shamba, nawe umejitwika nazi zake? Nilikuuliza kwa nini hatumwoni mchana. Ukasema, "Ametawa. Anakaa ndani kwa heshima yake." Mpishi wake akakusikia. "Nawe tawa basi, tuone kama nazi zitajifua." Ukamjibu, "Zitaningoja, shoga," ukacheka kumshinda.

Uliposhikwa na homa ile ya mwisho, niliwaambia wanawake kisimani kwamba mama ametawa. Wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Kutawa kuna wenyewe, mwanangu. Aliyezaliwa mtumwa hatawi, hujificha tu." Nilirudi na ndoo nusu, nikilia. Hukukasirika. Ulinifuta uso ukasema, "Wewe utatawa. Jua lako nimekwisha kupigwa mimi."

Watu husema kukaa ndani kumenifaa kwa kuwa naona haya hata kuitikia salamu. Ni kweli naona haya. Lakini zamani nilijibanza nyuma yako nikiomba nisionekane. Sasa nakaa nikijua mimi ni binti wa nani. Aliyenipa kivuli hiki ni wewe, uliyefua nazi hata viganja vikachanika, ukanipeleka chuoni nisome Kurani badala ya shambani.

Jana baada ya magharibi Bi Salma alikuja, amejifunika, na mjakazi wake nyuma. Akamwambia baba, "Binti yako aje kwangu kesho amfundishe mjukuu wangu kusoma."

Unamjua baba, hawezi kumbishia mtu wa nyumba ile. Alikohoa. Nami nyuma ya jamvi nikangoja nisikie atatumia neno gani.

"Binti ametawa, Bi Salma."

Hata mjakazi hakucheka. Kisha Bi Salma akasema polepole, "Ametawa. Basi mjukuu nitamleta hapa." Nikamsikia akivua viatu. "Hodi, binti. Naweza kuingia nikusalimie?"

Nikaitika karibu, mama, na sauti yangu ilisikika.

Lala kwa amani, umepumzika na jua.

Mimi mwanao, uliyemtawisha.