Kambare aliyerudishwa mtoni

Jumanne, baada ya Isha

Hasira haijanishuka. Mgeni wa leo, ndiyo kwanza anashika mshipi, kampata kambare mnene pale mtoni. Nikamwambia, mashaallah, mke wangu atakupikia wa nazi. Kumbe! Kambusu samaki, kapigwa picha, kamrudisha majini na mdomo umechanika. Kisha akataka mwengine.

Nikamwambia Hamadi, tajiri wangu katika kazi hii ya kutembeza wageni, "Kiumbe wa Mungu hateswi kwa mchezo."

Akacheka. "Shehe, weye onesha watu samaki walipo, fatwa waachie wenyewe."

Nikamtilia mgeni chambo chengine. Hilo ndilo linaloniuma. Naogopa kuikosa kazi, lakini kuulizwa na Mungu kwa ajili ya samaki yule naogopa zaidi.

Kesho, kabla sijawapa mishipi, nitawaambia: anayevuliwa analiwa. Asiyetaka nitampeleka msituni akatazame popo, kama wageni wengine. Hamadi na anune.