Sakafu Uliyokataa Kuitengeneza

Mama,

Kuna swali nililolibeba tangu nikiwa chuo kikuu, na sikuwahi kulitamka mbele yako: je, sakafu ya nyumba yetu uliiacha na mashimo kwa sababu ulishindwa kuitengeneza, au kwa sababu hukutaka?

Nakuandikia kutoka chumbani kwako, hapa Ujiji. Arobaini yako imepita. Ndugu walikuja kutoka Mwanga na hata Ilagala, dua ikasomwa, wali ukatosha. Lakini kabla ya siku hiyo nilifanya jambo ambalo bado linanielemea.

Unayakumbuka mashimo ya karibu na mlango wa uani. Kabla ya vita vya ng'ambo ya ziwa hayakuwapo. Kisha Mama Feza akavikimbia, akavuka na watoto wake watano, ukawapa sebule; na masika yale, jiko la uani lilipovuja, akawa anatwangia majani ya muhogo ndani. Kinu chake kilipasua saruji siku ya kwanza. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikalalamika. Ulicheka: "Sakafu ni ya kukanyagwa, mwanangu. Kwani tunailalia?" Na kweli, Mama, tulikuwa tunailalia, watu wanane, mikeka ikigusana, kila mmoja akijua shimo lake la kulikwepa.

Baada ya maziko niliitazama nyumba kwa macho ya watu watakaokuja kwenye arobaini, nikaona haya. Nilijiambia kwamba nakutafutia wewe heshima; leo sina hakika kama sikuwa najitafutia yangu. Nikamwita fundi. Alichuchumaa, akapapasa shimo kubwa, akaniuliza, "Dada msomi, hapa mlikuwa mnafuga ng'ombe?" Nikacheka naye. Mama Feza alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Hakucheka.

Asubuhi ya pili, nusu ya sakafu ikiwa imekwisha kusawazishwa, nilimkuta amefunga mafurushi manne. Watoto walikuwa wamevaa viatu. Aliniambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza: "Dada, usipate haya ya kutuambia. Mama mwenye nyumba amekufa, mtoto anatengeneza nyumba. Tumeelewa. Hata kwetu ni hivyo."

Nilimshika mkono. Kisha nikamwambia fundi afungashe vifaa vyake. Alinung'unika kwamba saruji aliyokwisha kuikoroga itaganda bure. Ikaganda kweli, pale uani.

Basi arobaini yako ilisomwa juu ya sakafu ya namna mbili. Shangazi alipita upande laini bila kuutazama, akaketi kwenye mabonde, akasema, "Huku ndiko kwa wifi yangu."

Tangu hapo nimekuwa nikijijengea dhana. Labda ulijua kwamba sakafu iliyosawazishwa mno humtia mgeni woga wa kukanyaga. Labda mashimo yale yalikuwa namna yako ya kumwambia Mama Feza kwamba alichovunja hakikuhesabiwa kosa. Ni dhana nzuri. Naiogopa kwa sababu ni nzuri mno. Huenda ulikuwa umechoka tu. Huenda miaka yote hiyo ulitamani sakafu safi kama wanawake wengine, na hakuna aliyekuuliza. Mimi sikukuuliza, Mama. Nilikuwa na haraka ya kuona aibu.

Mama Feza amefungua mafurushi matatu. La nne bado liko nyuma ya mlango, limefungwa kwa kanga. Nalipita kila siku. Sijui linangoja nini: amani ya kwao, au kosa langu jingine. Nakuahidi sitamwomba alifungue, wala sitamuuliza lini. Na nusu ile iliyobaki haitaguswa maadamu yeye na watoto wake wanaishi humu.

Lakini swali langu kwako linabaki palepale. Aliyekuwa na jibu nimemzika, na kila jibu ninalojipa nalisikia kwa sauti yangu, si yako.

Pumzika, Mama. Mungu akupe nafasi kubwa kuliko ile uliyotugawia sote.

Mwanao,
Zainabu