Kwa Baba, Aliyejibu Mtihani wa Leseni kwa Herufi za Chuoni

Baba,

Shikamoo.

Miezi sita imepita tangu tukuzike, na wiki iliyopita limetokea jambo ambalo siwezi kumweleza mtu mwingine kabla yako. Mama yuko uani anapepeta mchele. Anadhani naandaa masomo ya kesho.

Niliandike kwanza lile zito, nisije nikalikimbia. Siku ya mtihani wako, mkaguzi alipouliza kama yupo mtu anayeweza kusoma ulichoandika, mimi nilikuwepo, nilikuwa naweza, na sikusema.

Wewe ulijua. Basi sikupi habari mpya. Lakini sijawahi kulitamka.

Miaka kumi na tisa ulibeba kwa lori tumbaku ya Urambo na asali ya Sikonge, na hukuwahi kumgonga hata mbuzi. Leseni yako ulipewa na Mzungu mmoja aliyekwambia upande kilima, ushuke, kisha urudi kinyumenyume mpaka mlangoni pa stesheni, akaridhika. Uhuru ukaja, malori yakawa mali ya umma, ukafurahi kuliko sisi wote. Ulikuwa ukisema, "Sasa hata mimi nina tairi moja katika lori hili." Halafu lile tangazo likabandikwa kwenye mlango wa yadi: kila dereva wa zamani afanye mtihani wa kuandika, wa sheria na alama za barabarani. Miezi mitatu ya kujiandaa. Asiyepita aache usukani.

Ulikuja nyumbani ukaniambia, "Tausi, kumbe mwalimu nilimsomesha mwenyewe."

Siku ya kwanza ulipoingia darasani kwangu, kisomo cha watu wazima cha alasiri, pale mtaa wa Ng'ambo, ulikuja na daftari umelifunga kwa kitambaa kama sahani ya futari. Nilipoingia ukasimama pamoja na wenzako. Ukaniamkia. Baba mzima, ukamwamkia mwanao shikamoo mbele ya watu! Wakacheka, nami nikakuomba uketi upesi kwa sababu nilitamani ardhi inimeze. Wewe uso wako ulikuwa mkavu kabisa. Ulikuwa unafuata adabu ya darasa.

Kisha nikafungua orodha ya wanafunzi. Palikuwa na mahali pa kujaza mbele ya kila jina: anajua kusoma na kuandika, au hajui. Mbele ya jina lako nikaandika hajui.

Nilikuwa nakuona tangu utotoni ukimwandikia baba mkubwa wa Ujiji. Nilikuwa najua kuwa babu alizibeba herufi hizo kichwani mwake katika safari za misafara, akakufundisha wewe, nawe ukanipeleka chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nizijue. Majina yetu sote, mimi na ndugu zangu wawili waliokufa wadogo, uliyaandika kwa mkono wako kwenye jalada la ndani la msahafu. Kiswahili kitupu, kwa herufi za Kiarabu. Lakini kwenye semina tulikuwa tumeambiwa kusoma ni kusoma herufi za a, e, i, o, u, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikiamini kila nililoambiwa kwenye semina. Niliwahi hata kusema mbele ya darasa kwamba hizo nyingine ni herufi za zamani, hazijengi taifa. Ulikuwa umeketi dawati la tatu. Ulitazama chini ukaendelea kuchonga penseli yako kwa wembe.

Nyumbani tulifurahi, hilo siwezi kulikana. Ulipokuwa hukielewi kile kipilefti cha kwenye kitabu, mzunguko wa barabara, nilichukua sahani ya bati, nikaipindua mkekani, karanga zikawa magari. Nikakufundisha: mpishe anayetoka kulia kwako. Ukazizungusha karanga taratibu, midomo ikitoa mlio wa gia. Moja ikapita bila kusubiri, ukaiokota. "Huyu kavunja sheria," ukasema, ukaitia mdomoni. Mama akagomba kwamba tunachezea chakula. Ukamjibu, "Tunasoma, mke wangu. Huoni nimeshakula watatu?"

Sheria zenyewe ulikuwa nazo. Niliposoma swali la njia panda ya reli, ulinieleza makutano ya Kigwa jinsi yalivyo, mti gani unaziba macho, na kwamba dereva azime redio ashushe kioo, kwani treni husikika kabla haijaonekana. Kitabu kilikuwa na mstari mmoja tu. Kilichokushinda ni herufi. B na d ulisema ni mapacha waliogombana, huyu anatazama huku, yule kule, na wewe hukumbuki nani aliyeanza ugomvi. Ukabuni njia yako: jibu unaliandika kwanza kwa herufi zako lisikutoroke, kisha chini yake unaligeuza pole pole. Kwa mstari mmoja ulihitaji muda wa kunywa kikombe kizima cha chai. Nilikwambia utazoea. Sikukwambia kwamba mkaguzi hatakusubiri umalize kikombe.

Siku ikafika. Mlikuwa wanane. Wenzako walikuwa vijana na madereva wa Sikonge waliosoma misheni, na Mzee Sudi, rafiki yako wa siku zote, alikuwa amepelekwa Mpanda na lori lake, akaambiwa atafanya mwaka unaofuata. Ulivaa shati lako la kaki, mama ameipiga pasi kola mpaka ikasimama. Mimi niliitwa nisaidie kusimamia, kwa kuwa darasa lilikuwa langu.

Mkaguzi alikuja kwa treni ya asubuhi, mtu mwembamba, hana makuu, hana tabasamu. Kabla ya kuanza alitutazama walimu wote wawili akasema mwalimu atakayeonekana kumsaidia mtahiniwa, kazi yake imekwisha. Mwenzangu, Mwalimu Yosefu, akanitupia jicho. Jana yake alikuwa ameniambia katika chumba cha walimu, kwa kicheko, "Mzee wako atapita tu. Si mtihani uko nyumbani?"

Maswali yalisomwa kwa sauti, kila moja mara mbili. Ishirini. Nilisimama nyuma nikaona mgongo wako umejikunja juu ya dawati la watoto. Swali la kwanza uliandika kwa herufi nilizokufundisha. La pili pia, ukafuta, ukaandika tena. La tatu likasomwa hujamaliza. La nne likasomwa. Shingo yako ikalowa jasho. Ndipo nikaona kalamu yako ikiinuka, ikahamia upande wa kulia wa karatasi, ikaanza kukimbia. Ilikimbia bila kusita mpaka swali la ishirini. Ulimaliza kabla ya wote. Ukakunja mikono.

Mkaguzi akapita akikusanya. Akasimama kwako.

"Hii ni nini, Mzee? Kiarabu?"

"Kiswahili, Ndugu Mkaguzi. Herufi tu ndizo nyingine."

Akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. Hakukucheka, niseme kweli. Akainua uso akauliza, "Yupo humu anayeweza kunisomea?"

Baba, nilifungua mdomo. Nataka ujue kwamba ulifunguka. Nikamwona Mwalimu Yosefu pembeni ya dirisha. Nikaisikia kesho yake mjini: binti kampitisha baba yake, kasoma yasiyoandikwa. Nikauona mshahara wangu, ambao ndio kwanza ulikuwa na miezi minane. Na chini ya hayo yote palikuwa na kitu kidogo kichafu zaidi. Niliona aibu kusimama mbele ya mtu wa serikali na kukiri kwamba herufi zile ni zangu pia.

Uligeuka ukanitazama. Ungeweza kuninyooshea kidole. Ungeweza kusema, "Huyo pale, binti yangu, nimempeleka chuoni mwenyewe." Ulinitazama kwa muda wa kuvuta pumzi moja, ukaona nilivyo, ukageuka mbele.

"Basi," ukamwambia mkaguzi. "Hamna neno."

Akaandika: hakupita.

Tulirudi nyumbani kila mtu kwa njia yake. Mama alipouliza, ulimwambia hukuweza kuandika kitu, umerudisha karatasi tupu. Akakupigia kelele wiki nzima. "Mtoto mwalimu, na wewe hata mstari mmoja!" Nilikuwa nakaa pale nikimenya viazi. Ulimwacha aamini wewe ni mjinga ili asijue mimi ni mwoga. Hata hasira hukunipa, Baba. Ungenipiga kofi ningekuwa na kitu cha kushika.

Wakakupa kazi ya kufungua geti la yadi. Lori lako akapewa Paulo, mmoja wa wale wa Sikonge. Si dereva mbaya, nalo linaniuma, maana ningependa kumchukia. Kila asubuhi alishusha kioo akakuamkia, nawe ukamwambia gia ya pili inagoma kukiwa na baridi, asiilazimishe. Ukafungua geti. Akapita. Ukafunga.

Mvua zilipokolea kifua kikakubana, ukalazwa hospitali ya Kitete siku kumi na moja. Jioni ya tisa nilikuwa peke yangu nawe. Homa ilikuwa juu. Mguu wako wa kushoto ulikuwa ukikanyaga blanketi, unaachia, unakanyaga tena, na mkono unatafuta kitu ubavuni pa kitanda. Ulikuwa unabadili gia. Nikasema, "Baba." Ukafumbua macho, ukanijua. Nilikuwa na maneno tayari. Mama akaingia na uji. Nikajiambia, kesho. Kesho yake hukunijua.

Kwenye matanga watu walikusifu. Walisema ulikuwa mpole, ulikuwa mwaminifu, ulikuwa dereva asiye na mfano Tabora nzima. "Ila tu hakubahatika kusoma," akasema mmoja, na wengine wakaitikia kwa huzuni, hakubahatika. Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nikammiminia chai yeye aliyesema, nikamwongezea na sukari.

Sasa jambo la wiki iliyopita.

Mzee Sudi amefanya mtihani wake. Mkaguzi ni yule yule, darasa lile lile, onyo la asubuhi lile lile. Nilikuwa nimejua tangu mwezi mmoja nyuma kwamba Sudi atahamia kulia, kwani naye b na d zilimshinda. Sikulala vizuri mwezi mzima. Nilikwenda siku hiyo nimeshaaga kazi moyoni. Sudi akaandika kwa herufi zake, mkaguzi akaishika karatasi, akauliza swali lile lile.

Nikasema, "Mimi ninaweza, Ndugu Mkaguzi."

Ni maneno manne tu. Nilingoja paa lianguke.

"Soma," akasema, akaketi, akatoa kalamu.

Nikasoma. Alimwita Mwalimu Yosefu awe shahidi, akamuuliza Sudi baada ya kila jibu kama ndivyo alivyoandika, akatia alama. Mawili Sudi alikosea. Akapita. Haikuchukua hata muda wa kupika maharage. Sudi alilia pale pale dawatini, akaishika mikono yangu yote miwili akaniombea dua, na kila neno la dua lile liliniingia kama mwiba.

Nilipokuwa nafunga madirisha mkaguzi akaniambia, "Mwaka jana palikuwa na mzee mmoja hivi hivi. Shati la kaki. Hukuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Mbona hukusema?"

"Alikuwa baba yangu."

Akaweka mkoba wake chini. Akasema bila ukali wowote, "Ungesema tu, Mwalimu. Ningemweka mtu akae nawe, kama leo. Ningekuruhusu."

Ningekuruhusu. Nimelibeba neno hilo siku saba, halina mahali pa kutua. Nilikuwa nimejijengea, Baba, kwamba nilikuuza kwa bei kubwa, kwamba kulikuwa na hatari, kwamba mtu yeyote angefanya hivyo. Kumbe hapakuwa na kitu. Mlango ulikuwa wazi, na nilisimama mbele yake nikiulinda usifunguliwe.

Nilimwomba karatasi yako. Akasema za walioshindwa huchomwa kila mwisho wa mwaka. Kwa hiyo sitajua uliandika nini. Labda ya Kigwa uliyaandika yote, na mti, na kioo. Labda ulikosea mengi ukashindwa kwa haki. Hata haki ya kukosea nilikunyima.

Sikuombi msamaha. Ungenipa, nakujua, ungesema hamna neno, na mimi sitaki tena kusikia kwamba hamna neno. Wala sitakuombea mbele za watu kwa sauti ya binti mwema. Mwenyezi Mungu anajua kusoma herufi zote; huko uliko hakuna anayekuuliza nani atakusomea. Pumzika, Baba.

Ahadi yangu ni hii. Nikimaliza kuandika naweka kalamu, natoka uani. Nitamwambia mama kwamba karatasi haikuwa tupu, kwamba uliijaza mpaka chini, na kwamba aliyekaa kimya ni mimi. Ijumaa nitakwenda kwa Mzee Sudi kumwambia vivyo hivyo, nimrudishie dua yake. Kisha yule wa matangani, nyumbani kwake, mbele ya wanawe.

Mama ameacha kupepeta. Naenda.

Mwanao,
Tausi