Bunduki Haikuwa Ndogo

Eedo Saynab, shangazi yetu sote, asalaam aleikum. Mke wangu Leyla hunisomea majibu yako kwa simu kila Ijumaa na tunawacheka wenye shida, leo mwenye shida ni mimi na Leyla hajui kama nimekuandikia, kwa hivyo jina langu lifiche. Mimi ni mtu wa Waberi hapa Garissa, nina miaka thelathini na minne, na kabla hujaniuliza, najua Kenya kuwinda ni marufuku na sijavunja sheria ya mtu, nafanya kazi Tanzania kwenye kambi ya uwindaji yenye vibali vyake. Nilienda kama fundi wa magari, walipoona najua kufuata nyayo, kazi niliyojifunza Ijara nikitafuta ngamia wa marehemu baba waliopotea, wakanitoa gereji wakanipeleka porini, na mwaka jana nikaanza kufundishwa uwindaji wenyewe, yaani niwe yule anayesimama na bunduki kando ya mgeni ili mambo yakiharibika amalize yeye.

Msimu unafunguliwa Julai na bosi wetu, Bwana Lukumay, amesema kila msaidizi aje na bunduki yake mwenyewe, kwa kibali watanisaidia lakini kuchagua ni juu yangu, na hapo ndipo nimekwama. Wenzangu wanazitaja kwa namba, namba ikipanda risasi nayo inanenepa. Kuna 375, ambayo ndiyo ya chini kabisa kambi yetu inakubali kwa nyati na tembo, na kuna 458, hiyo nimeijaribu risasi nne tu na bega likakaa na rangi ya bilingani siku tano, lakini ndiyo nataka kununua. Hilo ndilo swali langu, lakini Eedo, chini yake kuna lingine na nisipolisema leo sitalisema tena.

Kadar ni ina habareed yangu, mtoto wa mama mdogo, mimi ndiye niliyemtoa Wajir nikamtafutia kazi kambini na kwa nyayo ananishinda. Novemba tulitoka na Lukumay kutafuta nyati wa nyama ya kambi na zamu ya kupiga ikawa yangu, nikapewa bunduki ya kambi. Nyati akasimama ametupa ubavu, hatua kama sitini, na mimi nilishafundishwa hadi nikachoka mahali pa kupiga, begani, chini, pale mguu wa mbele unapoingia kifuani, ndani yake kuna moyo na mapafu. Mkono ukaenda shingoni. Maisha yangu yote mnyama nimemwona akifia shingoni, mbuzi, ngamia, kondoo wa Idi, na nyama ile sisi Waislamu wa kambi tungeila, nikajiambia nikimpiga shingoni itakuwa karibu na kuchinja. Nikasema Bismillahi, na wakati wa kufyatua nikafumba macho, kwa sababu naogopa teke la bunduki, na hilo hakuna anayelijua. Risasi ilipita kwenye nyama ya shingo bila kugusa mfupa na nyati akaingia kichakani na damu yake. Kadar akatangulia, maana mfuata nyayo hutangulia na mwenye bunduki huja nyuma yake, na nyati alikuwa amegeuka anatuvizia. Lukumay alimwangusha, lakini Kadar alikuwa ameshavunjwa paja.

Nilipomrudisha Wajir, mama yake, habaryar Maka, akaniuliza imekuwaje, na mdomo wangu ukasema bunduki ilikuwa ndogo. Ilikuwa 375, Eedo. Maneno yakaenea ukoo mzima, habaryar akachukua simu yangu akampigia Lukumay kwa Kiswahili chake: "Wewe bwana mkubwa, kwa nini nabea watoto yangu bunduki dogo? Hiyo nyati ni mbuzi?" Lukumay akasema shikamoo mama, tutaliangalia, wala hakunitaja. Sasa habaryar ametenga ngamia dume auzwe ili ninunue kubwa, na Kadar, ambaye bado anachechemea, anaambia kila mtu anarudi Julai, "safari hii walaal," yaani mimi nduguye, "atakuwa na mashine ya maana." Kila akisema hivyo natoka nje kana kwamba simu inaita. Nishauri, ninunue hiyo 458 mambo yaishe, ama nifanye nini?

Mfuata Nyayo, Waberi

*

EEDO SAYNAB ANAJIBU

Waaleikum salaam, Mfuata Nyayo. Majina yote nimeyabadilisha. Watu huniandikia habari za mawifi na waume wasiopokea simu, wewe umeniletea nyati. Nilisoma mara ya kwanza nikakasirika, mara ya pili nikakuonea huruma, na huruma imebaki, ingawa hasira haijaenda mbali.

Ngamia wa Maka arudi malishoni leo. Mpigie simu ukimaliza kusoma, sema hujaamua, sema lolote la kweli, lakini asiuzwe. Mama aliyemuuguza mwanawe kwa miezi yote hii, kisha auze dume lake kwa ajili ya maneno yaliyokutoka mdomoni kwa hofu, hapana. Hapo utakuwa umempiga tena Kadar.

Kuhusu bunduki, mimi sijui hata upande wa kushika. Nina kaka, Noordin, aliyekuwa askari wa wanyamapori upande wa Ijara na nyati wakorofi aliwajua kwa karibu kuliko alivyopenda. Nilimsomea barua yako bila kutaja mji wala mtu. Aliweka kikombe chini. "Huyo ananunua bunduki anavyonunua ngamia dume," akasema, "anatazama ukubwa." Halafu akasema jambo ambalo nataka ulibandike ukutani: mtu anayefumba macho na 375 atayafumba mapema zaidi na 458.

Nunua 375. Noordin anasema risasi yake ikiingia pale ulipofundishwa, nyati hana habari ya namba, na risasi zake utazipata kwa urahisi kuliko hizo kubwa za kujivunia. Usiinunue kwa kuitazama ukutani. Iinue begani umefumba macho, hapo ndipo mahali pako pa kufumba, kisha yafumbue. Ukikuta unatazama moja kwa moja mbele bila kunyoosha shingo wala kukunja kiwiko, kitako chake ni cha mwili wako. Ukikuta unahangaika, irudishe, hata kama muuzaji ni rafiki yako. Omba risasi za aina mbili, zile laini zinazochanua ndani ya mwili na zile ngumu zinazopenya mfupa, na umwombe Lukumay akuonyeshe ipi inatangulia na lini.

Halafu hilo teke. Kuliogopa si aibu, ndugu yangu. Mwili wowote wenye akili huogopa kupigwa, na wewe umeaibika bure mwaka mzima kwa kitu ambacho Noordin anasema alikiona kwa nusu ya askari wapya. Dawa yake ni hii. Anza na bunduki ndogo kabisa isiyo na teke, piga hadi uchoke. Ukirudi kwenye 375, mtu mwingine akuwekee risasi, mara nyingine aweke ganda tupu bila kukwambia. Siku ya ganda tupu mtutu ukiinama wakati wa kufyatua, utajiona kwa macho yako, na mwenzako atakuona. Rudia hadi mtutu utulie. Piga chache kwa siku, bega likiuma acha.

Na shingo. Hapa moyo wangu ulikuelewa kabisa, maana mimi pia nimelelewa na kisu, na sijawahi kufikiri mnyama anaweza kufa kwa mlango mwingine. Mimi si sheikh, lakini nilimuuliza wetu baada ya swala ya alasiri. Akasema mwindaji akitaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua, risasi ikatoboa, mnyama akafa kabla hujamfikia, nyama ni halali popote ilipopita. Ukimkuta bado hai, kisu chako kifanye kazi yake. Muulize na wa kwako ili utulie. Ulitaka kufanya vizuri ukafanya vibaya, na mnyama wa watu akaenda kichakani akiteseka kwa sababu ya uchaji wako wa nusu. Elimu hiyo ungeipata kwa swali moja kabla ya kwenda, lakini uliona haya kuuliza. Naona wewe unaona haya mambo mengi, isipokuwa lile la kusema uongo.

Zungumza na Lukumay. Unafikiri alinyamaza kwenye simu kwa sababu hajui? Alisimama pale, aliiona risasi ilipoingia, na bunduki ilikuwa yake. Amekuachia nafasi ya kusema mwenyewe na umemweka akingoja tangu Novemba. Mwambie macho yalifumba, mwambie ni kwa nini ulipiga shingo, na mwombe akupime kabla ya Julai. Ukishindwa kupimwa, rudi kwenye nyayo au kwenye gereji msimu mmoja zaidi. Kuna watu kambini wanarudi nyumbani salama kwa sababu fundi alikaza nati, nayo ni kazi ya heshima.

Jambo dogo: bunduki hiyo ibaki kambini, kwenye sanduku lake, na kibali chake. Usije nayo Waberi, hata kwa picha ya kumwonyesha Leyla. Hapa kwetu mtu akionekana na bunduki ndefu hakuna anayeuliza kama ni ya nyati.

Sasa la mwisho, ambalo ndilo uliloniandikia. Panda gari uende Wajir. Usitume ujumbe, usimtume mtu, usimwambie Maka kwanza ili akusaidie kulainisha. Kaa na Kadar peke yenu na umwambie bunduki haikuwa ndogo. Atakasirika, na ana haki. Huenda asiongee nawe hadi mvua nyingine, uvumilie, usimkimbilie na zawadi. Yeye ndiye anayetangulia kichakani, nyati yuko mbele yake na wewe uko nyuma yake, na mpaka leo anajua ukweli wa mmoja tu kati yenu. Ukishamwambia, nyamaza, umwache aseme mwenyewe kama Julai atatembea tena mbele ya bunduki yako.

Nakuombea dua,
Eedo Saynab